Kuamka Saa Kumi na Moja si Ibada

Nianze na kazi yangu, ndiyo ujue ninaongea nikiwa wapi. Mimi hufupisha vitabu. Mteja aliye ng'ambo ananitumia kitabu, nakisoma siku mbili, nakipunguza hadi maneno elfu moja mia tano, naye anayaweka kwenye programu ya simu ili mtu wa Toronto au Sydney ayasikilize akiwa ndani ya treni, kisha aseme amesoma. Jina langu halitokei popote. Hulipwa kwa simu, mara nyingine hata kwa wakati. Chuo niliacha nikiwa mwaka wa tatu, karo na mapato ya mamangu yalipokataa kuelewana, na tangu hapo shule yangu ni hii: chumba kimoja Wamagana, kompyuta ya mtumba, na rundo la vitabu vya roho.

Maana hivyo ndivyo ninavyoletewa zaidi. Vitabu vya utulivu, vya kutafuta kusudi la maisha, vya kuongea na ulimwengu nao ukujibu, vya hekima ya watawa, vya hekima ya Wagiriki na Warumi, vya Mungu anayetaka uwe tajiri. Nimefupisha zaidi ya arobaini. Kwa hivyo nikisema kwamba vingi vya vitabu hivi vinatudhulumu, sijasikia kwa jirani. Nimevifungua vile fundi anavyofungua injini, nikaona kilicho ndani.

Na ndani injini ni moja. Sura ya kwanza, mwandishi ameanguka: ndoa imevunjika, kazi imemchosha, au daktari amempa habari mbaya. Sura ya pili, anakutana na mzee mwenye hekima, mara nyingi kutoka nchi ambayo msomaji hajafika. Sura ya tatu, anagundua kwamba tatizo lilikuwa ndani yake muda wote. Kuanzia hapo hadi mwisho ni orodha: amka mapema, pumua, andika mambo matatu ya kushukuru, achana na watu wanaokurudisha nyuma, rudia maneno fulani mbele ya kioo. Badilisha jina la mzee, badilisha rangi ya jalada, umepata kitabu kipya.

Ukitaka kuviona vikiwa pamoja, tembea Nairobi jioni, kando ya Moi Avenue au Tom Mboya, penye zile inama bookshop ambapo vitabu hulazwa chini na mnunuzi huinama kuchagua. Utaona nakala za kurudufu, karatasi nyembamba, wino umefifia. The Secret ya 2006 bado ipo. Kuna The Daily Stoic ya 2016, Ikigai, The 5AM Club ya 2018, Think Like a Monk ya 2020. Siku ya soko hata huku kwetu Nyeri vinapanda na matatu, vinauzwa karibu na soksi na chaja za simu. Mtu anayesema vijana hawasomi hajawahi kuinama pale. Tunasoma sana. Swali ni kile tunachosomeshwa kuamini.

Hebu tuanze na hiki cha saa kumi na moja. Ujumbe wake ni kwamba mwenye kuamka saa kumi na moja alfajiri, akatumia saa moja kwa mazoezi, tafakari na kusoma, atamiliki siku yake na hatimaye maisha yake. Sawa. Sasa njoo Tetu. Huku juu kwenye majani chai, saa kumi na moja mama wa watu ashakamua ng'ombe, ashabeba maziwa hadi barabarani, ameweka uji mekoni na anafunga kikapu mgongoni aingie shambani kabla umande haujakauka. Amefanya hivyo miaka thelathini. Kama kuamka mapema ndiko kunakofungua milango, kila cucu wa Tetu angekuwa na jumba Karen. Kinachomfungia mlango kinajulikana: bei ya kilo ya majani, anayeipanga, anayekata kabla hela haijamfikia, na mbolea inayopanda bei wakati bonasi inashuka. Ni mambo ya hesabu na ya mamlaka. Kitabu hakina sura juu yake, kwa sababu kitabu hakikuandikiwa anayechuma. Kiliandikiwa anayekunywa.

Hapo ndipo nilipojifunza swali langu la kwanza kwa kila kitabu cha roho: nani anapika? Mtu anapokaa saa moja kimya akipumua, nani yuko jikoni? Mwanasheria wa kitabu maarufu anauza Ferrari yake na kwenda Himalaya kutafuta maana. Vizuri, lakini kwanza uwe na Ferrari. Mtawa ana bakuli, na ndani ya bakuli kuna chakula, na chakula kimelimwa na mtu. Mila za kweli za watawa zinalijua hili. Wabenedikto wamefungamanisha sala na kazi ya mikono karne na karne, na mtawa anayeomba chakula nyumba kwa nyumba anajua kwamba maisha yake yamo mikononi mwa kijiji. Vitabu hivi vinachukua utulivu wa mtawa na kuacha bakuli lake. Vinatuuzia kimya, na anayelipia kimya hicho kwa kazi yake hatajwi.

Chukua Ikigai. Wahispania wawili, Héctor García na Francesc Miralles, walienda Ogimi, kijiji cha Okinawa, kuwauliza wazee siri ya kuishi miaka mingi. Neno lililovuma duniani ni hilo la jalada, kusudi lako wewe, jambo linalokutoa kitandani. Lakini humo humo kitabuni kuna neno jingine: moai. Ni kundi la watu wanaochanga pesa kila mwezi, wanakula pamoja, na mmoja wao akikwama kundi linamshika mkono. Mkenya yeyote akisoma ukurasa huo anacheka peke yake. Kwani hiyo si chama? Mamangu yuko kwenye vitatu. Wazee wa Ogimi walisema wazi kwamba wanaishi kwa sababu wana wenzao, lakini dunia ikatafuna nusu ya jibu. Kusudi linauzika kwa mtu mmoja mmoja, kwa mchoro wa duara nne kwenye mtandao. Chama hakiuziki. Chama kinakutaka uje, uketi, uchange, uvumilie yule mama anayeongea sana.

Mtaniambia napigana na vitabu visivyo na hatia. Ebu niwaonyeshe hatia.

Jirani yangu ana miaka 24. Alikuwa na kinyozi kidogo hapa sokoni, viti viwili, kioo kirefu, spika ya kupiga muziki. Mwaka jana alifunga. Nilipoenda kumpa pole nilimkuta na daftari, ameandika kurasa nzima za makosa yake: sikuamka mapema, sikujiamini, nilikuwa na mawazo ya umaskini, niliruhusu watu hasi. Nikamuuliza, na kodi ya kibanda? Ilipanda mara mbili. Na stima? Ilipanda. Na wateja? Wale waliokuwa wanakuja kila wiki mbili walianza kuja baada ya wiki sita, kwa sababu na wao nauli na unga vilipanda. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitoa ushuru wa mafuta ya petroli na dizeli kutoka asilimia 8 hadi 16, na katika nchi ambapo kila kitu kinasafiri kwa lori, hakuna bei iliyobaki pale ilipokuwa. Hayo yote hayakuwa kwenye daftari lake. Daftari lilikuwa na mshtakiwa mmoja tu.

Hiyo ndiyo hatia. Kitabu kilichoahidi kumpa nguvu kilimpa hukumu. Mtu aliyeangushwa na mambo ambayo maelfu wanayashiriki alifundishwa kuyabeba peke yake, na kuyaita dhambi zake. Katika mkoa ambao vijana wanaisha kwa pombe ya bei rahisi, ambapo kila kijiji kina mama anayejua mwanawe yuko wapi saa nne asubuhi na hataki kukutajia, kumwambia kijana kwamba adui ni fikra zake ni jambo la hatari. Aibu haimwamshi mtu. Inamlaza.

Halafu kuna vitabu vya Wastoiki, vinavyopendwa sana na wasee wa rika langu. Somo lenyewe ni la zamani na lina uzito: tenganisha yaliyo chini ya uwezo wako na yasiyo, usihangaike na yasiyo. Epictetus aliyelifundisha alikuwa mtumwa. Marcus Aurelius aliyeliandika kwenye maandishi yake ya faragha alikuwa kaisari wa Roma. Mtumwa na kaisari wakisema neno moja, halina maana moja. Na kaisari mwenyewe alirudia tena na tena kwamba binadamu wamezaliwa kusaidiana. Hiyo sehemu haifiki kwenye vile vipande vya sekunde thelathini. Kinachofika ni: yasiyo chini ya uwezo wako, achana nayo.

Sasa nani amekuchorea mpaka wa uwezo wako? Juni 2024, Mswada wa Fedha ulikuwa, kwa hesabu yoyote ya kawaida, nje ya uwezo wa kijana asiye na kazi. Wabunge walikuwa na kura, serikali ilikuwa na polisi. Vijana wakatoka, Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret, hata hapa Nyeri mjini. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni, wenzetu wakapigwa risasi, wengine hawakurudi nyumbani. Siku iliyofuata Rais akatangaza hatatia sahihi. Sisemi hilo kwa furaha, kwa sababu bei yake ilikuwa damu. Nasema tu kwamba mpaka kati ya tunachoweza na tusichoweza ulisogea, na ulisogezwa na watu waliokataa kuupokea kama hekima. Ndiyo maana swali langu la pili kwa kitabu cha roho ni hili: nani anatajwa? Ukurasa kwa ukurasa, kuna mtu mwenye cheo anayeulizwa jambo lolote? Au lawama yote inamwangukia msomaji?

Najua jibu la haraka: basi turudi kanisani. Kanisa gani? Aprili 2023 polisi walianza kufukua maiti katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na hesabu ikapita mia nne, watu waliofunga kula hadi kufa wakiamini wanaenda kumwona Yesu. Ule ni ugonjwa wa upande wa pili. Kitabu cha kujiboresha kinakuacha peke yako kabisa. Mhubiri wa Shakahola hakumwachia mtu hata dakika moja ya kuwa peke yake na akili yake. Mmoja anakuuzia nafsi bila jamii, mwingine anakupa jamii iliyokula nafsi. Maisha ya kutafakari yanahitaji mlango unaofungwa na mlango huo huo ufunguke.

Na kanisa la kawaida je, lile la Jumapili, la kwaya na michango? Tunajua miaka yote hiyo mwanasiasa alivyokuwa akiingia na bahasha, anapewa kipaza sauti, waumini wanapiga makofi. Vijana wa 2024 ndio waliouliza kwa sauti hizo pesa zinatoka wapi. Novemba mwaka huo maaskofu Wakatoliki walitoa taarifa kali kuhusu hali ya nchi, na siku chache baadaye Jimbo Kuu la Nairobi likarudisha mchango ambao Rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto. Nilisoma habari hiyo mara tatu. Pesa zimerudishwa! Sikumbuki kitabu chochote cha roho katika arobaini vyangu chenye mtu anayerudisha pesa.

Na wale wa kurudi asili nao wasifikiri nimewasahau. Kuna soko lake pia: wazee wa video wanaouza mila kwa vijana wa kiume, semina za uanaume, shuka na fimbo, Facing Mount Kenya ya Kenyatta, ya 1938, ikisomwa kama Biblia. Kile ni kitabu muhimu, kiliandikwa kujibu dharau ya mkoloni, na pia ni kitabu kilichotetea ukeketaji. Vyote viwili ni kweli. Okot p'Bitek, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwasuta wasomi waliokuwa wakiwavisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili ionekane ya heshima mbele ya wazungu. Hakuwaacha hata Waafrika wenzake. Sisi leo tunaivisha fulana yenye nembo.

Mpaka hapa nimekataa tu, na kukataa ni rahisi. Nataka kusema ninachokubali. Nacho kiko karibu mno, karibu kiasi cha aibu.

Ukitoka Wamagana ukapanda upande wa msitu wa Aberdare, ndani ya Tetu hii hii, kuna Ihithe. Wangari Maathai alizaliwa huko 1940. Wengi wetu tunamjua kama picha: Tuzo ya Nobel 2004, miti, kitambaa cha kichwani. Hatumjui kama mwandishi wa roho. Mwaka 2010, mwaka mmoja kabla hajafariki, alitoa kitabu kinachoitwa Replenishing the Earth, juu ya imani, mila za dini mbalimbali na uponyaji wa ardhi. Ni kitabu cha kiroho kwa kila kipimo. Papa Fransisko alitoa Laudato Si' 2015, na parokia zetu zikaisoma, jambo jema. Lakini miaka mitano kabla ya Roma, binti wa Ihithe aliyesoma kwa masista wa Consolata pale Mathari alikuwa ameshaandika kwamba jeraha la ardhi na jeraha letu ni jeraha moja. Mimi niliuliza katika maduka matatu mjini Nyeri. Walikuwa na Ikigai.

Wazo lenyewe linasimama juu ya mti. Katika kumbukumbu za maisha yake, Unbowed, anaeleza mugumo uliokuwa karibu na kwao. Mamake alimkataza kuokota kuni chini yake, hata kijiti, kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Karibu yake kulikuwa na kijito alichochezea utotoni, akijaribu kuokota mayai ya vyura yaliyompotea mkononi kila mara. Akaenda masomoni Marekani mwaka 1960. Aliporudi, shamba lilikuwa limepata mwenyewe mpya, mugumo umekatwa ili chai ipandwe, na kijito kimekauka. Baadaye, akiwa mwanasayansi, akaelewa: mizizi ya mugumo huingia ndani sana, hupasua mwamba, na maji ya chini hupata njia ya kupanda. Ule mwiko uliolindwa na cucu zetu ulikuwa unalinda chanzo cha maji. Wamisionari walipofundisha kwamba Mungu hakai mlimani wala mtini, mti ukabaki mbao, na mbao ina bei.

Angalia jinsi fikra hii inavyokwenda. Inaanza na utakatifu, inafika kwenye mwamba na maji, kisha inauliza nani alinunua shamba na kwa nini. Roho, sayansi na siasa katika hadithi moja ya mti mmoja. Haikuambii ufunge macho. Inakuambia tazama pale, palikuwa na kijito.

Mpime kwa maswali yangu. Nani anapika? Wanawake wa vijijini ndio msingi wa Green Belt Movement tangu 1977, wale waliokuwa wakitembea mbali kutafuta kuni na maji. Yeye alianza kwa kuwasikiliza wakitaja wanachokosa. Nani anatajwa? Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 ambalo chama tawala kilitaka kulijenga ndani ya Uhuru Park, akatukanwa Bungeni, na jengo halikujengwa. Mwaka 1992 aliketi na akina mama waliofunga kula wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Polisi walipowapiga pale bustanini, wakahamia kanisa kuu la All Saints na kuendelea humo kwa miezi mingi. Hiyo ndiyo tafakari yake, imefanywa na mwili, mbele ya watu, chini ya rungu.

Na kuhusu maneno ya Kijapani: alipozuru Japani 2005 alilipenda neno mottainai, la kusikitikia kitu kinapopotezwa bure, akalibeba duniani kote. Linganisha. Japani ile ile: wengine wakachukua neno la kujitafuta, Wangari akachukua neno la kutopoteza. Unaweza kumjua mtu kwa anachookota safarini.

Hayuko peke yake kwenye rafu hii. Ng'ambo ya mlima, Kirinyaga, askofu David Gitari wa Anglikana alihubiri dhidi ya kura ya mlolongo ya 1988, akawataja waliohusika, na Aprili 1989 watu wenye silaha wakavamia nyumba yake usiku. Mahubiri yake yalikusanywa 1996 katika In Season and Out of Season. Ni mafundisho ya Biblia, aya kwa aya, na kila aya inatua kwenye ardhi ya mtu fulani iliyonyakuliwa. Na tukiteremka pwani tutakuta kwamba Kiswahili chenyewe kilianza kazi hii zamani. Takriban karne mbili zilizopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Mshairi anauonya moyo wake mwenyewe, ndiyo, jambo la ndani kabisa. Lakini anauonyesha nini? Majumba ya Pate: taa zilizozimika, vidaka vilivyokuwa na sahani za Kichina sasa ndege wanatagia humo, popo darini, matajiri wamo kaburini. Anautuliza moyo kwa kuulazimisha kutazama mji ulivyoanguka na waliouangusha kwa kiburi. Ukitaka riwaya, Kezilahabi alituachia Nagona ya 1990, kitabu chembamba cha mtu anayesaka ukweli na kukataa kila jibu la bei rahisi analopewa. Hukimalizi ukiwa umetulia. Unakimaliza ukiwa macho.

Sasa niwajibu wale watakaoniandikia. Utasema vitabu vya kujiboresha vimesaidia watu. Najua. Kuna mtu aliacha sigara kwa Atomic Habits, na pumzi kumi za taratibu zimemtoa mtu kwenye usiku mbaya. Kitabu cha kupanga mazoea ni kama mwongozo wa kutumia jiko la gesi: kina faida, kitumie. Ugomvi unaanza jiko linapodai kuwa madhabahu. Mwongozo ukianza kukuambia kwa nini wewe ni maskini na jirani yako ni tajiri, umeshaingia kwenye theolojia, na theolojia mbaya ina maiti zake.

Utasema pia Wangari alikuwa mwanasiasa. Alikuwa. Tetu ilimpeleka Bungeni 2002 kwa kishindo, na 2007 Tetu hiyo hiyo ikamwacha, tukitaka mtu wa kuhudhuria harambee na mazishi. Hiyo ni haki ya mpiga kura. Lakini tusijidanganye kwamba tulikuwa hatujamwelewa kwa sababu aliongea mambo magumu. Alisema usikate mti ulio kwenye chemchemi. Hakuna somo rahisi zaidi ya hilo. Lilikuwa na gharama tu, na sisi, kama wauza vitabu, tunapenda hekima isiyotugharimu.

Yeye gharama aliilipa hadi mwisho. Alipofariki Septemba 2011 alikuwa ameacha neno kwamba asizikwe kwenye jeneza la mbao. Walimtengenezea la mwanzi, mafunjo na magugu-maji, na akachomwa Kariokor, katika nchi ambapo kuchoma maiti bado kunawafanya watu wanong'one. Mtu ambaye alipanda miti maisha yake yote hakutaka ukatwe hata mmoja kwa ajili yake.

Kwa hivyo nina madai, na nayataja kwa wenyewe. Wachapishaji wetu: leteni Replenishing the Earth kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, kwa karatasi ya kawaida, kwa bei ya nakala ya kurudufu. Parokia na makanisa ya Tetu, mnaouza rozari na kalenda mlangoni: wekeni na kitabu hicho mezani. Walimu wa fasihi: Al-Inkishafi si ya mtihani peke yake. Nawe unayeinama Tom Mboya jioni, inama, chagua, lakini kabla hujatoa mia nne yako fungua katikati na uulize: nani anapika humu? Nani anatajwa? Kama hakuna jikoni na hakuna mwenye mamlaka, rudisha chini.

Sisi hapa Wamagana tumeshaanza bila kusubiri mtu. Tuko watano, nakala ni moja, niliagiza Nairobi. Jumapili baada ya kanisa, kwa wale wanaoenda, mmoja anasoma ukurasa kwa sauti, mwingine anaufasiri kwa Kikuyu, tunabishana hadi chai inapoa. Jirani yangu wa kinyozi huja. Wiki jana alileta lile daftari lake, akafungua ukurasa mpya, akaandika kodi, stima, mafuta, na mbele ya kila moja jina la ofisi ya kuulizwa. Jumatatu ijayo tunaenda kuuliza ya kwanza.